Nilivyojaribu kuikamata mvua kwa dishi na redio

Kazi yangu ni kufunga madishi. Nimepanda mapaa ya Kigogo, Mburahati, Mabibo na Tabata kwa miaka kumi na tatu, na kama kuna jambo ambalo kila fundi dishi analijua, ni kwamba picha hukatika kabla tone la kwanza halijagonga bati. Mteja anakupigia simu kwa hasira, mpira unaendelea na yeye anatazama kioo kitupu. Unamwambia, "Mama, subiri kidogo, mvua inakuja." Dakika chache baadaye inakuja kweli. Mara ya kwanza anashangaa. Mara ya tatu anaanza kukuita mganga.

Mimi nilikubali kuitwa mganga, na ndiko balaa langu lilikoanzia.

Tunaishi Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bonde la mto Msimbazi. Desemba 2011, zile mvua zilizoelezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu Uhuru, maji yaliingia chumbani kwetu usiku hadi usawa wa swichi ya taa. Jijini walikufa watu kama arobaini. Baadhi ya watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, sisi tukabaki. Baba alipaka rangi ukuta mara mbili, lakini ule mstari wa tope haukukubali kufichika. Ukilala kitandani unautazama. Sasa mtu anayelala akitazama mstari ule, halafu mchana anafanya kazi na kitu kinachojua mvua kabla yake, mawazo yake yanakwenda wapi? Nikasema: kama dishi linanipa dakika tano, lazima kuna chombo cha kunipa saa tatu.

Nikaanza kusoma usiku kwenye simu. Nikakutana na habari za Newton Weller, fundi wa umeme wa jimbo la Iowa kule Marekani, ambaye miaka ya 1960 aliwafundisha watu kubaini tonado kwa televisheni ya kawaida. (Tonado ni kisulisuli kikubwa kinachoshuka kutoka wingu la radi, kisichanganywe na vimbunga vyetu vya baharini, ambavyo huwa na upana wa mamia ya kilomita.) Unaweka chaneli ya 13, unapunguza mwanga hadi kioo karibu kiwe cheusi, kisha unahamia chaneli ya 2. Radi inaonekana kama mistari. Kioo kikianza kuwaka chote bila kuzimika, kimbia. Chaneli ya 2 ilikuwa kwenye mawimbi ya chini, karibu megahezi 55, ambako kelele za umeme wa mawinguni huingia kwa urahisi. Nilisisimka sana. Sikuendelea kusoma hadi mwisho, ambako wanaeleza kwamba ilipopimwa ikaonekana haitegemeki: kuna tonado zilizopita kioo kikiwa cheusi, na kuna vioo vilivyowaka pasipo tonado. Hilo nililisoma mwaka mmoja na nusu baadaye, nikiwa nimeshachelewa.

Februari 2021 nikaingia Kariakoo na fedha ya kodi ya miezi miwili. Nilinunua laptopu iliyotumika kwa 350,000, waya wa antena mita ishirini, na kile kidude cha kuchomeka kwenye laptopu kinachoigeuza kuwa redio ya masafa mengi. Wenyewe wanakiita dongo, nami sina jina bora, ingawa mke wangu alipoambiwa bei, 95,000, alisema dongo hilo amepigwa yeye.

Mpango ulikuwa rahisi. Unguja iko kama kilomita sabini kutoka hapa, katikati ni maji matupu. Nikachagua kituo kimoja cha redio cha kule, nikaiambia laptopu iandike nguvu ya mawimbi yake kila dakika, mchana na usiku. Mvua ikija kutoka baharini, nikajiambia, itapita kwanza kati ya mnara ule na antena yangu, mawimbi yatashuka, nami nitajua.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo hapo na sikuliona. Mawimbi ya dishi ni mafupi, kama sentimita mbili na nusu, kwa hiyo tone la mvua lenye milimita chache linayasumbua: linayameza na kuyatawanya. Mawimbi ya redio ya FM yana urefu wa mita tatu. Kwa mawimbi hayo tone la mvua ni kama nzi mbele ya lori la mchanga. Mvua inyeshe inavyotaka, FM inapita tu. Fundi dishi mzima, niliyeshika vichwa vya madishi miaka yote hii, sikufikiria jambo hilo kwa sababu sikutaka kulifikiria.

Lakini mawimbi yalishuka! Ndiyo shida yenyewe. Kila siku kuanzia saa tano asubuhi yalianza kulegea, mchana yakawa chini, usiku yakapanda tena. Kuna usiku wa joto, upepo umetulia kabisa, nilikuwa napata kituo cha Mombasa, kilomita zaidi ya mia tatu, safi kama kiko Ubungo. Nikafikiri hewa inajaa kitu kizito, dhoruba inajikusanya. Ukweli ni kinyume chake. Usiku uliotulia, hewa ya vuguvugu ikilala juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na bahari, mawimbi hupindishwa na kwenda mbali kama maji kwenye mfereji. Ni dalili ya utulivu. Jua likichomoza na upepo wa baharini ukaanza kuvuruga tabaka zile, mfereji unavunjika na Mombasa inapotea. Nahodha mmoja wa Kunduchi niliyekwenda kumfungia dishi nilimweleza habari hiyo kwa fahari, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, mashine yako inakwambia kama kuna upepo au hakuna?" Nilichukia siku nzima.

Aprili 2021 likatokea jambo lililonipoteza kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa walitangaza kimbunga Jobo kiko Bahari ya Hindi, kinaelekea pwani yetu. Mji mzima ulikuwa unazungumza Jobo. Nikakesha na laptopu. Usiku mawimbi ya Unguja yakashuka kuliko nilivyowahi kuyaona, nikawaamsha nyumbani, tukapandisha magodoro juu ya kabati. Jobo akafa baharini, alipoteza nguvu kabla ya kutufikia. Mtu mwenye akili angesema chombo kimekosea. Mimi niliandika kwenye daftari, maneno haya bado ninayo: "Chombo kimeona Jobo anakufa." Ukijikuta umefika mahali ambapo kimbunga kikija umepatia na kisipokuja umepatia vilevile, zima laptopu ukalale.

Mwaka uliofuata nikawa mtu maarufu wa mtaa mzima. Niliongeza kifaa kidogo cha kunusa radi, hiki kinasikiliza kelele za umeme wa mawinguni kwenye kilohezi 500 na kukadiria umbali hadi kilomita arobaini. Kutoka nje ya nchi hadi mkononi kilinigharimu 118,000. Kwa haki, hiki hakidanganyi. Radi hupiga kelele redioni, jambo hili halina ubishi. Mrusi Alexander Popov alishaliweka wazi mwaka 1895 kwa chombo kilichogonga kengele kila radi ilipopiga, kabla redio yenyewe haijawa redio. Hata redio ya mkulima ya mawimbi ya kati, ukiiweka mahali pasipo na kituo, utaisikia ikikwaruza wingu la radi likiwa bado mbali. Kama una mia moja elfu ya kuchezea katika mambo haya, ndicho kitu ninachoweza kukuambia ununue. Ila kiweke mbali na barabara na mafundi geti. Changu kiliona radi kila bajaji ilipowashwa uchochoroni, na jirani yangu anayechomelea mageti alikuwa ananiletea dhoruba kali kila siku saa nne asubuhi. Na mvua nyingi zilizonijazia chupa ya kupimia zilikuja kimyakimya, hazikupiga hata radi moja.

Pamoja na hayo, masika ya 2022 nilianza kuandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. "Mvua kubwa ndani ya saa tatu, walio bondeni wainue vitu." Mara ya kwanza ikanyesha. Mara ya pili ikanyesha. Ni Aprili, Dar es Salaam! Mtoto wa darasa la pili angesema mvua itanyesha na angepatia. Lakini watu waliniamini, na mimi zaidi yao. Dogo mmoja akanibandika jina "Mkurugenzi wa Mawingu".

Usiku mmoja wa mwezi Mei mawimbi ya Unguja yakadondoka ghafla, si kulegea, kudondoka kama mtu amezima taa. Sijawahi kuona vile. Niliandika kwa herufi kubwa, kisha nikatoka na tochi kugonga milango. Mama Zawadi, anayeuza vitumbua pale kona, aliinua mfuko wa mchele, mafuta, majiko, na friji ya mkopo aliyokuwa na wiki sita nayo. Tuliinua friji watu watatu kuiweka juu ya meza. Meza ikavunjika mguu. Friji ilianguka kifudifudi.

Hakukunyesha hata tone. Nyota zilikuwa zimejaa mbinguni, naye Mama Zawadi amekaa juu ya ndoo anaitazama friji yake. Hakunitukana. Alisema tu, "Nenda kalale baba, utakuwa umechoka." Ningependa angenitukana.

Friji ile niliilipa kwa miezi saba. Ukijumlisha vifaa, usafiri na kazi nilizozikataa ili nikae na laptopu, hobi yangu ilinigharimu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Mke wangu hesabu anayo kamili, mimi nasema zaidi ya.

Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza, nilianza kufanya kile ninachokifanya kwa dishi la mteja kila siku: kutafuta ubovu. Nikapanda juu ya bati, nikafungua kichwa cha waya wa antena. Ndani kilikuwa cha kijani. Maji yalikuwa yanaingia kila mvua inaponyesha, na mawimbi yanashuka kwa sababu waya umelowa. Kwa maneno mengine, nusu ya "ushahidi" wangu ulikuwa mvua ikinipa taarifa ya mvua kupitia waya mbovu. Ningemkuta mwanafunzi wangu amefunga kichwa bila kukizungushia mpira ningemkata posho.

Kisha nikagundua kwamba dongo lenyewe lilikuwa linajirekebisha. Lina mfumo wa kuongeza na kupunguza sauti wenyewe kulingana na kelele zinazolizunguka, na mimi sikuuzima. Kwa hiyo kituo chochote cha jirani kikiongeza nguvu, chombo kinajipunguza masikio, na mimi nasoma kwamba Unguja imeshuka. Mwaka mzima wa namba, zote hazina maana. Anayetaka kupima nguvu ya mawimbi kwa chombo cha aina hii, kazi ya kwanza kabla ya chai ni kukifunga mahali pamoja kisijirekebishe.

Na ule mdondoko wa usiku wa friji? Nilimpigia jamaa ninayefahamiana naye aliye upande ule. Akacheka. Umeme ulikatika, mnara ukahamia jenereta, na kwa jenereta wao hurusha kwa nguvu ndogo. Nikarudi kwenye daftari langu. Siku zangu nyingi za "kupatia" zilikuwa siku ambazo upepo ulitangulia, umeme ukakatika mahali, na mvua ikafuata. Nilikuwa nimebuni chombo cha kutabiri kukatika kwa umeme, tena kwa kuchelewa.

Baada ya hapo ndipo niliposoma habari iliyonifanya nikae chini nihesabu. Mwaka 1884 John Finley, mwanajeshi wa kikosi cha mawasiliano cha Marekani, alitoa utabiri wa tonado mara 2,803 na kujisifu kwamba amepatia asilimia 96.6. Wakosoaji wakatazama. Tonado alizozisema zikatokea zilikuwa 28. Alizozisema hazikutokea, 72. Zilizotokea bila yeye kusema, 23. Zilizobaki, 2,680, ni mara aliposema hakuna na kweli hakuna. Angekaa kwake akasema "hakuna tonado" mara zote 2,803, angepatia asilimia 98.2.

Nilichukua kalamu. Masika 2022, Machi hadi Mei, siku 92. Mvua kubwa, kwa maana ya milimita thelathini na zaidi kwenye chupa yangu, siku saba. Nilitoa tahadhari siku 23. Nilizopatia ni tatu, na kati ya hizo mbili nilizitoa mvua ikiwa imeshaanza. Nne zilipita nimenyamaza. Ukitaka kunisifu unaweza kusema nilikuwa sahihi siku 68 kati ya 92. Mlevi wa kilabuni anayesema kila siku "leo hakuna mvua kubwa" angekuwa sahihi siku 85. Nilimwonyesha mke wangu hesabu ile, akaisoma mara mbili, akaniuliza kama mlevi huyo naye ana deni la friji.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kujaribu mambo haya, na najua mko, fundi mwenzangu wa Mbagala alishanipigia: andika siku zote, si zile tu zilizonyesha. Mimi siku za jua nilikuwa sifungui hata faili. Andika tahadhari yako kabla, kwa saa, na usiiguse tena. Na usimwambie mtu. Kutoa tahadhari ni kazi waliyopewa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, wana rada pale Bangulo inayoliona wingu zima. Mimi nilikuwa na waya wenye kutu, halafu nikagonga milango ya watu usiku.

Lile dishi lililonianzishia safari nalo nimelipigia hesabu. Linasema kweli, ila linasema jambo dogo. Setilaiti ziko juu ya ikweta na sisi tuko nyuzi saba tu kusini, hivyo madishi yetu mengi yanatazama juu sana. Hata lililolala hadi nyuzi 50, mwale wake unatoka nje ya mvua ndani ya kilomita nne au tano. Likikatika, mvua iko Manzese, haiko Mafia. Dakika za kuanua nguo, basi. Wataalamu waliochukua wazo hili kwa uzito, kama Hagit Messer na wenzake wa Israel waliolichapisha mwaka 2006, hawakutabiri chochote. Walitumia mawimbi mafupi yanayounganisha minara ya simu, wakapima jinsi yanavyofifia, wakajua mvua inayonyesha wakati huo ni kiasi gani. Ina faida kubwa mahali penye vipimamvua vichache. Ila ni kupima, si kutabiri, na tofauti hiyo mimi nililipia friji kuijua.

Lakini kuna jambo lililoniuma kuliko namba zote. Mwishoni mwa 2022 maji yaliingia uchochoro wa chini, hadi magotini, na Kigogo hakukuwa kumenyesha. Jua lilikuwa linawaka! Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu kule Kisarawe. Mvua ilikuwa imenyesha huko alfajiri. Miaka miwili nilikuwa nimeelekeza antena baharini, na mafuriko yanatokea mgongoni kwangu.

Shangazi yangu anaishi Ulongoni, juu kwenye mto uleule. Nilikwenda na makopo matatu ya rangi. Pale nyuma ya kwake kuna nguzo ya zege ya uzio ulioliwa na maji, nikaipaka: nyeupe chini, njano katikati, nyekundu juu. Nikamwachia vocha ya elfu tano. Mara zote nilizopima tangu hapo, maji yakigusa nyekundu kwake, kwetu yanapanda ndani ya muda wa saa mbili hadi tatu. Ndizo zilezile saa tatu nilizozitafuta kwa milioni na ushei. Shangazi haandiki kwenye kundi lolote. Ananipigia, mimi nampigia mwenyekiti wa mtaa, yeye ndiye anayeamua.

Vuli ya 2023, ile ya El Niño, alipiga saa kumi na moja alfajiri. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, nyekundu imefunikwa." Nikampigia mwenyekiti, kisha nikatoka na tochi hadi kwa Mama Zawadi, kwa sababu kwake nilikuwa na deni ambalo halikuwa la fedha tena. Nikagonga. Alifungua dirisha kidogo, akanitazama, hakusema karibu.

"Ni redio au ni shangazi?"

"Ni shangazi."

Akafungua mlango, akaanza kuinua mchele.